Maswali na Majibu: Historia ya Timu ya Chuo Haianzi na Kombe

Barua za toleo hili, kutoka Mbale hadi Arua, zinagusa jambo moja. Timu za soka za vyuo vyetu vidogo zimecheza miaka na miaka, lakini ukiuliza ilianza lini, ilimfunga nani na nani alikuwa nahodha, kila mtu ana jibu lake. Tumechagua barua nane. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali hayalingani uzito.

Sisi ni kamati ya wanafunzi wanne. Chuo chetu kinakaribia kutimiza miaka 25 na mlezi wa wanafunzi ametuagiza tuandike kijitabu cha historia ya timu ya soka. Ofisi ya michezo ina makombe matatu, jezi za zamani na faili moja jembamba. Tuanzie wapi? (Kamati, Mbale)

Ndugu wanakamati, anzeni na mechi. Msianze na makombe, wala na sura ya waasisi, wala na hotuba ya makamu mkuu wa chuo. Timu ni mechi ilizocheza. Mkishapata orodha ya mechi mia moja zenye tarehe, mpinzani na matokeo, mtaanza kuona mambo ambayo hakuna aliyewaambia: msimu uliovurugika katikati, kocha aliyebadilisha mwelekeo, mwaka ambao timu haikucheza kabisa. Bila orodha hiyo mtaandika sifa tupu, na sifa za vyuo vyote zinafanana.

Fungueni jedwali kwenye kompyuta, kila mechi mstari wake. Safu ziwe hizi: tarehe, siku ya juma, shindano, mpinzani kama alivyoandikwa kwenye karatasi mliyoisoma, mpinzani kwa jina lake la leo, uwanja, nyumbani, ugenini au uwanja huru, matokeo ya kipindi cha kwanza, matokeo ya mwisho, wafungaji na dakika, chanzo, na safu ya mwisho ya kiwango cha uhakika. Kiwango cha kwanza ni fomu ya kikosi au ripoti ya refa. Cha pili ni gazeti la juma lile lile. Cha tatu ni kumbukumbu ya mtu, au maandishi yaliyoandikwa miaka baadaye. Mechi ya kiwango cha tatu iingie kwenye orodha, lakini isihesabiwe kwenye jumla ya ushindi na mabao mpaka ipate shahidi wa pili.

Safu ya siku ya juma wengi huiona ni ya bure. Ndiyo inayokamata makosa mengi kuliko zote. Mtu akisema fainali ilichezwa Jumamosi na tarehe aliyotaja inaangukia Jumatano, mojawapo si sahihi, na mmejua hilo kabla kitabu hakijachapwa.

Sasa karatasi zenyewe. Faili la ofisi ya michezo mara nyingi halivuki kipindi cha msimamizi aliyepo, kwa kuwa makabidhiano hufanywa kwa mdomo. Nendeni kwa mhasibu. Ombi la fedha za basi lina tarehe, safari ya wapi na watu wangapi. Orodha ya posho ina majina ya wachezaji na sahihi zao, na hiyo ni karibu sawa na fomu ya kikosi. Ila kumbukeni kwamba ombi la basi linathibitisha safari iliyopangwa tu. Mechi yenyewe huenda iliahirishwa kwa mvua au mpinzani hakutokea. Wahini mapema, maana karatasi za hesabu zikishapita muda wake huchomwa. Baada ya hapo someni kumbukumbu za vikao vya serikali ya wanafunzi, hasa ripoti za waziri wa michezo wa kila awamu.

Halafu andikeni barua kwa wapinzani wenu wa zamani. Kila mechi ina timu mbili, kwa hiyo nusu ya historia yenu iko kwenye kabati la mtu mwingine, na yeye anahitaji nusu iliyoko kwenu. Badilishaneni nakala.

Magazeti yaje baada ya hayo, mkiwa tayari na tarehe za kutafuta. Maktaba ya Makerere hupokea kisheria nakala za machapisho ya nchini na ina magazeti ya zamani. Kwa kipindi cha tangu 1986 someni New Vision, na tangu 1992 The Monitor. Bukedde, la Kiganda, lilianza 1994 na halipuuzi soka. Kwa vyuo vikongwe kuna Uganda Argus la tangu 1955, ambalo zama za Amin liligeuzwa kuwa Voice of Uganda. Habari za vyuo hupewa mistari minne au mitano chini ya ukurasa, na mechi ya wikendi inaweza kutoka Jumatatu, Jumanne au hata Jumatano. Msiishie kwenye gazeti la siku inayofuata. Pigeni picha ukurasa mzima wenye jina la gazeti na tarehe, kisha pigeni habari yenyewe kwa karibu, na muandike namba ya ukurasa hapo hapo. Kipande kilichokatwa bila tarehe kitawasumbua kuliko kukosa kipande.

Chuo chetu kilikuwa taasisi kabla hakijapandishwa hadhi. Je, historia ya timu ihesabiwe tangu taasisi au tangu chuo kikuu? (Mwalimu, Kampala)

Mwalimu, andika tarehe tatu na usiziunganishe: mwaka taasisi ilipoanza, mwaka ilipopata hadhi ya chuo kikuu, na mechi ya kwanza ya timu iliyothibitishwa kwa maandishi. Neno "ilianzishwa" likiachwa peke yake humfanya kila msomaji aelewe lake.

Kyambogo ni mfano mzuri. Chuo kikuu kilizaliwa 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu: Uganda Polytechnic Kyambogo, ITEK ya ualimu, na UNISE ya elimu maalumu. Mwandishi akikuta matokeo ya "Kyambogo" ya miaka ya 1990, lazima aulize ni Kyambogo ipi kati ya hizo. Makerere nayo ilianza 1922 kama shule ya ufundi, ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London 1949, ikaingia kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki 1963 pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na ikasimama peke yake 1970. Makerere na Nairobi zikikutana 1965 zilikuwa sehemu za chuo kikuu kimoja. Ukiiandika kama mechi ya kimataifa ya vyuo vikuu viwili unakosea.

Ndiyo sababu tukawaambia wenzako wa Mbale waandike jina la mpinzani mara mbili. Klabu ya KCC ya zamani ndiyo KCCA ya leo. Nakivubo Villa na SC Villa ni klabu moja. Viwanja pia: uwanja ule ule wa Lugogo umeitwa Phillip Omondi, ukaitwa StarTimes, kisha MTN Omondi. Ukiviandika kama viwanja vitatu, hesabu yako ya mechi za ugenini imeharibika.

Nimesikia redioni kwamba chuo kidogo cha Marekani kiliwahi kushinda mechi tano ndani ya siku sita, na kingine kilifungwa 222 kwa 0. Rafiki zangu wanasema ni hadithi za kahawani. Ukweli ni upi, na inawezekanaje kuthibitisha jambo la zamani hivyo? (Msomaji, Mukono)

Yote mawili ni kweli, na namna yanavyothibitishwa ndiyo somo lenyewe. Kwanza, mpira huo si soka letu. Ni futiboli ya Kimarekani, mpira wa umbo la yai, wa kubeba mikononi na kuangushana. Mechi ya kwanza kati ya vyuo huhesabiwa kuwa ya Rutgers na Princeton, tarehe 6 Novemba 1869, watu 25 kila upande, Rutgers wakashinda 6 kwa 4. Siku hiyo mchezo ulikuwa bado unafanana na soka, na mpira haukubebwa.

Chuo cha mechi tano ni University of the South, wengi hukiita Sewanee, kilichoko mlimani jimboni Tennessee. Ni chuo cha kanisa la Episcopal, kidogo mpaka leo. Novemba 1899 timu yake ilipanda treni na kusafiri kama kilomita 4,000 kwenda na kurudi. Tarehe 9 iliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Texas 12 kwa 0 mjini Austin. Tarehe 10 ikaifunga Texas A&M 10 kwa 0 mjini Houston. Tarehe 11 Tulane 23 kwa 0 mjini New Orleans. Tarehe 13 LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) 34 kwa 0 mjini Baton Rouge. Tarehe 14 Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi) 12 kwa 0 mjini Memphis. Msimu mzima ilishinda mechi 12 kati ya 12, pointi 322 dhidi ya 10, na hizo 10 zote zilitoka kwa Auburn iliyofungwa 11 kwa 10.

Tazama sasa jinsi mkaguzi anavyofanya kazi. Tarehe 12 haina mechi. Fungua kalenda ya 1899: ilikuwa Jumapili, na chuo cha kanisa hakikucheza Jumapili. Pengo linaeleweka. Fuata reli: Austin, Houston, New Orleans, Baton Rouge, Memphis ni mstari ambao treni ya usiku inaweza kuuunga bila kurudi nyuma. Jumlisha pointi: 12, 10, 23, 34 na 12 ni 91, ndiyo jumla inayotajwa kila mahali. Kisha fungua sheria za mwaka ule. Mwaka 1899 mpira uliofikishwa mstarini ulikuwa na pointi 5, nyongeza ya teke 1, bao la teke uwanjani 5, na kumkamata mpinzani nyuma ya mstari wake 2. Matokeo ya 12, 10, 11 yote yanawezekana kwa namba hizo. Ukikuta mahali pameandikwa kwamba timu ilipata pointi 3 mwaka 1899, jua pana kosa, maana hakuna namna ya kuzipata. Teke la uwanjani lilishushwa kuwa pointi 3 mwaka 1909. Magazeti ya miji mitano tofauti nayo yaliripoti mechi hizo, kila moja kwa masilahi ya mji wake, na waliofungwa hawakuwa na sababu ya kuwatungia wageni ushindi.

Ya 222 kwa 0 ilichezwa Jumamosi tarehe 7 Oktoba 1916 mjini Atlanta. Waliofungwa ni Cumberland, chuo kidogo cha Lebanon, Tennessee, na waliofunga ni Georgia Tech chini ya kocha John Heisman. Cumberland walikuwa tayari wameivunja timu yao, lakini mkataba wa mechi ulibaki na faini yake ilikuwa dola 3,000. Mwanafunzi George Allen akakusanya wenzake wakaenda Atlanta kucheza ili chuo kisilipe. Robo za mechi zilikwenda 63, 63, 54 na 42. Jumlisha: 222. Wakati huo kufikisha mpira mstarini kulikuwa na pointi 6, na Georgia Tech walifanya hivyo mara 32, ambayo ni 192, wakaongeza mateke 30. Tena 222. Namba zinazojibizana kwa njia mbili tofauti zinaaminika.

Chukua njia hiyo hiyo ulete kwenye soka la vyuo vya Uganda. Jedwali la msimu lenye ushindi 6, sare 2 na pointi 14 linaonekana na kosa kwa macho ya leo, kumbe ni sahihi kama msimu ule ushindi ulipewa pointi 2. FIFA ilitumia pointi 3 kwenye Kombe la Dunia la 1994 na ligi nyingi zikafuata. Kabla ya hapo chunguza kila shindano. Fomu ya 2010 yenye wachezaji watano walioingia akiba haiwezi kuwa ya mechi ya ligi, maana kiwango kilikuwa watatu. Watano walianza 2020. Hiyo huenda ilikuwa mechi ya kirafiki, na yapasa uiandike hivyo.

Sewanee wana jambo jingine la kufundisha, nalo tunaliona zito kuliko lile la treni. Mwaka 1932 walikuwa miongoni mwa waasisi wa SEC, jumuiya ya vyuo ambayo leo ina baadhi ya timu zenye nguvu kuliko zote. Wakajitoa 1940 bila kushinda hata mechi moja ya jumuiya hiyo. Leo wanacheza daraja la tatu la vyuo, lisilotoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira. Historia yao inaandika yote mawili, 1899 na 1940. Chuo kitakachoandika kombe lake la pekee na kuruka misimu minane ya vipigo kimeandika tangazo.

Mechi iliyoisha 1–1 tukashinda kwa penalti 4–2 inahesabiwaje? Na ile ambayo wapinzani hawakutokea? (Nahodha, Arua)

Ya kwanza ni sare ya 1–1. Mikwaju ya penalti baada ya mechi huamua nani anasonga mbele tu. Mabao yake hayaingii kwenye jumla ya timu wala ya mfungaji. Iandike "1–1, penalti 4–2". Penalti iliyopigwa ndani ya mechi, hata dakika za nyongeza, ni bao kama mabao mengine.

Ya pili iandikwe "ushindi wa mezani" pamoja na alama waandaaji walizotoa, kwa kawaida mabao 3–0. Inaingia kwenye msimamo wa ligi. Haiingii kwenye idadi ya mechi alizocheza mtu yeyote, na mabao yake hayana mfungaji. Mechi iliyovunjika katikati nayo ipate mstari wake, dakika ilipovunjika na sababu.

Nimekabidhiwa albamu mbili za picha za timu, mafaili yaliyoliwa pembeni na wadudu na kanda tatu za video za miaka ya 1990. Nifanye nini zisipotee? (Mkutubi msaidizi, Gulu)

Anza kwa kutofanya mambo manne ambayo watu huyafanya kwa nia njema: usibandike seloteipu, usipitishe picha kwenye mashine ya plastiki, usiandike nyuma kwa kalamu ya wino, na usizifunge kwa mipira myembamba ya kufungia. Gundi ya seloteipu hugeuka kahawia na kula karatasi. Picha iliyofunikwa kwa plastiki ya moto haitolewi tena. Wino hupenya hadi upande wa sura za watu. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini ya 2B, taratibu, pembeni, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu.

Albamu zenye kurasa za kunata na karatasi ya nailoni juu ni mbaya kuliko zote, na ndizo zilizopendwa sana miaka ile. Chukua uzi wa kusafishia meno, uupitishe chini ya kona ya picha na uusogeze kama unakata, bila kuinua. Picha ikikataa, iache, uiskani ikiwa pale pale kwenye ukurasa. Picha zilizogandamana kwa maji usizibandue zikiwa kavu. Zile za studio za zamani zikilowekwa kwenye maji safi ya baridi kwa dakika 20 hadi 30 mara nyingi huachana zenyewe, ukazianika uso ukitazama juu. Zilizotolewa kwa printa ya wino usizitie majini hata kidogo, zitayeyuka rangi.

Skani picha ndogo kwa nukta 600 kwa inchi, na karatasi za A4 kwa 300. Hifadhi nakala kuu kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, halafu utoe nakala nyepesi za JPEG za kutumia. Kama huna skana, simu yaweza kutosha: weka picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima taa ya simu, shika simu sambamba na picha, na uweke rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha mpinzani, kisha namba, ili kompyuta izipange yenyewe. Usitumiane picha hizo kwa WhatsApp kama picha, kwa sababu huzibana na kuzipunguza. Zitume kama hati.

Mafaili yenye wadudu yatenge leo hii. Yatie kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa, uufunge kwa gundi pande zote, kisha weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiutoa, uache mfuko umefungwa saa 24 hadi ufikie joto la chumba, la sivyo unyevu utatua juu ya karatasi. Mchwa ni jambo la rafu: tumia ya chuma, sentimita 15 kutoka sakafuni na isiguse ukuta.

Kanda za video ndizo za haraka. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, hiyo ni kuvu. Usiicheze, itachafua mashine na kanda nyingine zote, umpelekee fundi mwenye vifaa vya kuisafisha. Zilizo safi zipeleke mbele hadi mwisho na uzirudishe mwanzo mara moja kabla ya kucheza. Unganisha deki na kompyuta kwa kifaa cha kunasa video, na ujue kazi hii haina njia ya mkato: kanda ya saa tatu inachukua saa tatu. Mwishowe weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya chuo. Flashi ni ya kubebea tu.

Inakuwaje timu ya chuo icheze ligi kuu? Na je, mechi hizo ziwekwe pamoja na zile za ligi ya vyuo? (Msomaji, Luweero)

Uko jirani na jibu lako. Ndejje University FC, ya chuo kilichoanza 1992 wilayani kwenu, ilipanda kutoka FUFA Big League, ligi ya daraja la pili ya shirikisho la soka la Uganda (FUFA), na kucheza Ligi Kuu ya Uganda msimu wa 2018/19, ikitumia uwanja wa Arena of Visions. Ligi ilikuwa na timu 16, yaani mechi 30 kwa kila timu. Ndejje walishuka mwisho wa msimu huo huo.

Ngazi ya FUFA na ngazi ya vyuo ziandikwe kwenye majedwali mawili. Ligi ya Soka ya Vyuo Vikuu, iliyoanza 2012, na michezo mingine ya vyuo humtaka mchezaji awe mwanafunzi aliyesajiliwa. FUFA humtaka awe amesajiliwa na klabu, basi. Kwa hiyo jina na jezi vinaweza kuwa vile vile, kikosi kikawa tofauti kabisa. Ukivichanganya utampa mwanafunzi mabao ya mchezaji wa kulipwa, au kumnyima yake. Ugumu mwingine ni kalenda. Mechi 30 hupita juu ya mitihani na likizo, na ukitaka kueleza kwa nini chuo kidogo hakidumu juu, linganisha tarehe za vipigo na ratiba ya mitihani kabla hujamlaumu kocha.

Timu ya wanawake iwekwe kwenye sura ya mwisho? Ndivyo wenzangu wanavyopanga. (Msomaji, Mukono)

La, dada. Ipate jedwali lake kamili na sura yake kamili, na misimu yake ianze pale ilipoanza kweli. FUFA ilianzisha ligi ya wanawake ya Elite mwaka 2014, na Lady Cardinals ya UCU (Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda), Mukono, ni timu ya chuo iliyocheza humo. Kwa hiyo kwa miaka ya karibuni karatasi zipo. Kwa miaka ya nyuma magazeti yatakupa kidogo. Orodha za posho na maombi ya jezi yatakupa zaidi, na wachezaji wenyewe wengi bado wana picha. Anza nao mapema.

Tunataka kuwahoji wachezaji wa zamani, lakini wote wanasimulia fainali ile ile moja. Tuulize vipi? Na tukimaliza, kitabu kiwe na kurasa ngapi? (Kamati ya wahitimu, Jinja)

Msiende na swali la "tusimulie historia ya timu". Nendeni na picha ya kikosi na orodha ya mechi za msimu wake, mkaziweke mezani. Mzee akiona sura kumi na moja atataja majina, na akiona jina la mpinzani atakumbuka safari. Ulizeni vitu vya kushikika: jezi ilikuwa rangi gani na nani aliifua, viatu vilikuwa vya nani, mlilala wapi mlipokwenda Mbarara, mlikula nini kabla ya mechi, posho ilikuwa kiasi gani na ililipwa lini. Mambo hayo hayamo kwenye gazeti lolote, na mtu hana sababu ya kuyapamba. Matokeo msimwulize, mwonyesheni.

Mhojini kila mmoja peke yake kwanza. Mkiwakusanya pamoja, nahodha ndiye atakayeongea, na wengine wataitikia. Wakikutana baadaye itakuwa kusahihishana, na hapo ndipo kikao cha pamoja kinapofaa. Kila mahojiano yawe ya saa moja hadi moja na nusu, simu ya kurekodia ikiwa imezuiwa kupokea simu, na kinasa sauti cha pili pembeni. Mwacheni aongee lugha anayoitaka, Kisoga, Kiganda, Kiacholi au Kiswahili, muandike kwanza kwa lugha hiyo hiyo ndipo mtafsiri. Saa moja ya sauti itawachukua saa nne hadi sita kuiandika, kwa hiyo msirekodi saa 40 kama hamna waandishi.

Idhini ichukuliwe mwanzo kwa sauti na mwisho kwa sahihi: jina litumike au lisitumike, picha ichapwe au isichapwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019 inawahusu. Namba za usajili wa wanafunzi, alama za mitihani na habari za majeraha zisichapwe hata kama mmezikuta kwenye faili la wazi. Picha nazo zina mwenyewe, ambaye huenda ni mpiga picha; mtafuteni.

Kuhusu kurasa: kijitabu cha kushonwa katikati kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, na kikizidi 60 hivi huanza kufunguka mgongoni. Kwa chuo chenye mechi 200 hivi, kurasa 48 za A5 zinatosha, mradi 16 za mwisho ziwe orodha ya mechi yenyewe pamoja na vyanzo vyake. Mchapishaji atawashauri muiondoe ili kupunguza gharama. Punguzeni picha za rangi badala yake. Ombeni ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kutoka Maktaba ya Taifa ya Uganda kabla ya kwenda mtamboni, na jedwali la kompyuta mliache maktaba ya chuo likiwa na jina la mtu atakayeongeza mechi za msimu ujao.